Kishikio cha Mlango wa Motokaa Kuukuu

Mlango wa nyumba ukishikamana, aliye ndani hutokea mlango wa uani, au hupita dirishani, au huketi akamngoja fundi. Mlango wa motokaa sivyo. Motokaa ni chumba kidogo kiendacho mbio, tena kimechukua petroli, na siku ya hatari waliomo hawana nafasi ya kumngoja mtu. Mlango wake una kazi mbili zipinganazo. Motokaa iendapo, yapasa ushike kwa nguvu, usifunguke kwa mtikiso wa barabara mbovu, kwa kuwa mtu atupwaye nje ya motokaa huumia kuliko abakiye ndani. Na motokaa isimamapo, yapasa uachie mara moja, hata kwa kidole cha mtoto. Kazi zote mbili hutegemea vipande vichache vya chuma, ambavyo mwenye motokaa pengine havioni kwa macho yake tangu siku aliyoinunua hata siku atakayoiuza.

Mjini Tanga palikuwa na mwalimu mzee, aliyekwisha kustaafu, mwenye motokaa ya Volkswagen iliyoundwa mwaka wa 1965. Ni ile yenye mgongo wa mviringo, ambayo Wajerumani walioibuni huiita Käfer, yaani dundu. Motokaa za namna hiyo zilianza kuundwa kwa wingi mwaka wa 1945 katika mji wa Wolfsburg, na ya mwisho ilitoka katika kiwanda cha Puebla, nchi ya Meksiko, tarehe 30 Julai 2003. Hesabu yake zote ilipita 21,000,000. Katika Afrika ya Mashariki zilipendwa sana, kwa kuwa injini yake hupozwa kwa hewa, haina maji ya kuchemka njiani. Mwaka wa 1962 moja yake ilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki, mashindano yaliyoanza mwaka wa 1953.

Lakini motokaa hiyo ina milango miwili tu. Wakaao nyuma hawana mlango wao wenyewe. Hungoja aliye mbele ashuke, kiti chake kiinamishwe, ndipo watoke. Na vioo vya ubavuni huko nyuma haviteremki.

Mlango wa kushoto wa motokaa ya Mwalimu ulikuwa na kilema. Kitufe cha kishikio chake, kikibonyezwa kwa nje, kilizama kisirudi, wala mlango haukufunguka. Mwalimu alikwisha kuzoea. Kila alipotaka kumpakia mtu, alijinyoosha kutoka kiti chake, akafungua kwa ndani, na kwa kuwa alifanya hivyo miaka miwili, hakuhesabu tena kuwa ni ubovu.

Sasa, betri ya motokaa hiyo haikai mbele, wala haikai penye injini, bali hukaa chini ya kiti cha nyuma. Juu yake pawe na kifuniko, kwa sababu kiti kina springi za chuma. Springi zikilemewa na uzito wa watu zikagusa vichwa vya betri, umeme hupita ndani yake, chuma huwa moto mwekundu, na nyuzi zilizojazwa kitini huanza kuungua. Kifuniko cha betri ya Mwalimu kilikuwa kimepotea zamani. Asubuhi moja alikuwa akiwapeleka shule wajukuu wake watatu, wote wameketi nyuma, na kiti cha mbele kimewekwa vikapu. Moshi ukaanza kutoka chini yao. Mwalimu akasimamisha motokaa, akaruka nje upande wake, akakiinamisha kiti. Wapita njia wawili wakakimbilia mlango wa kushoto, wakabonyeza, wakavuta, wakapiga kwa ngumi, mlango haukuachia. Basi watoto wakatoka mmoja mmoja kwa mlango wa kulia, na mdogo wao, aliyeketi upande wa kushoto, alikuwa wa mwisho. Akatoka akikohoa, na machozi yakimtiririka. Mtu mmoja akakiinua kiti, springi zikaachana na betri, moshi ukapungua, na mchanga ukamaliza yaliyosalia.

Siku ile ile Mwalimu akaenda karakana.

“Shikamoo, Mwalimu,” akasema Fundi, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wake.

“Marahaba, mwanangu. Nimekuletea mlango.”

Fundi kwanza alitafuta kifuniko cha betri, akakitia mahali pake, akakijaribu kiti kwa kukikalia yeye mwenyewe mara mbili tatu. Kisha akamwita mwanagenzi wake, kijana wa miaka kumi na sita, akamwonyesha mlango wa kushoto.

Kijana akaenda akachukua nyundo na koleo. Kwa watu wengi, kitu kilichoshikamana ni kitu kinachotaka kupigwa. Fundi akamrudisha, akamwonyesha debe lililokuwa chini ya meza. Ndani yake mlikuwa na vishikio vilivyokatika, vingine vya Volkswagen, vingine vya Peugeot, na viwili vya lori.

“Hivi vyote vilipigwa,” akasema. “Tazama hapa kilipokatika. Je, ni chuma hiki?”

Kijana akatazama, akaona ndani ni kijivu chenye punje, si kama chuma cha msumari. Na kweli si chuma. Vishikio vingi vya motokaa za zamani vilitengenezwa kwa zinki iliyochanganywa na madini mengine, ikayeyushwa, ikamiminwa katika kalibu, kisha vikapakwa kromi ili ving’ae. Zinki namna hiyo haipindiki; hukatika ghafula kama muhogo mkavu. Wala haipati kutu nyekundu. Hewa ya chumvi itokayo baharini ikipenya chini ya kromi, zinki hutoa unga mweupe, na unga huo huchukua nafasi kubwa kuliko madini yaliyoliwa. Kwa hiyo kitufe kilichokuwa kikiteleza vizuri katika tundu lake huja kubanwa pande zote, ingawa hakuna mtu aliyekigusa.

Ili kuifahamu kazi iliyofuata, yafaa kujua mlango huo ulivyo ndani yake. Volkswagen za kwanza zilikuwa na kishikio cha kuvuta. Zile za mwaka wa 1960 na kuendelea zilipewa kishikio kisichoondoka mahali pake, chenye kitufe cha kubonyeza kwa kidole gumba. Na zile za mwaka wa 1968 zikapewa kifyatuo nyuma ya kishikio, mfano wa bunduki. Ya Mwalimu ni ya kitufe. Nyuma ya kitufe kuna kijiti kifupi, kinachoweza kuitwa kisukumio. Kitufe kikibonyezwa, kisukumio huingia ndani ya mlango na kuusukuma wenzo mdogo wa kitasa. Wenzo huo huuachilia ulimi wa kitasa, nao ulimi huliachilia bamba la chuma lililofungwa katika nguzo ya motokaa. Kidole kikiondoka, springi hukirudisha kitufe nje.

Hiyo ni njia moja. Njia ya pili hutoka ndani: kishikio cha ndani huvuta ufito mrefu wa chuma, nao ufito hukiachilia kitasa kile kile. Basi ni kama njia mbili za mji ziendazo kisima kimoja. Mtu wa njia ya kwanza akirudi na mtungi umejaa, na mwenziwe wa njia ya pili asifike, kisima hakina lawama. Njia ya pili ndiyo iliyozibwa.

Fundi akamwambia kijana aingie ndani, afungue kwa kishikio cha ndani. Mlango ukafunguka bila shida. Akamwambia arudie mara tano, akisikiliza. Kila mara ulimi uliachia kwa sauti moja, kavu, na fupi.

“Haya, mwanangu, kitasa ni kizima au kibovu?”

“Ni kizima, Fundi.”

“Na bawaba?”

Kijana hakujua. Fundi akaufungua mlango nusu, akaushika kwa chini, akauinua. Haukucheza. Bawaba zikilika, mlango hulala upande wa kitasa, ulimi ukakwaruza bamba badala ya kuingia katikati yake, na hapo mlango huwa mzito kwa ndani na kwa nje pia. Dalili yake ni kwamba mlango hufunguka vyema ukiinuliwa kidogo. Wengi huhangaika na kishikio siku nzima, na ubovu uko kwenye bawaba.

Kwa majaribio hayo mawili, yaliyochukua muda mfupi kuliko kunywa kikombe cha kahawa, kijana aliokoka na kazi kubwa. Kama angeanza kwa nyundo, angevunja kishikio. Na kama angeanza kwa kufungua mlango wote kwa ndani, angeondoa kishikio cha kioo, na ubao wa ndani, na vibanio vyake vyote, ambavyo kwa motokaa ya umri huo hukatika kwa kuguswa tu, ili akitazame kitasa kisichokuwa na kosa.

Kishikio cha nje cha motokaa hiyo hushikwa na skrubu moja iliyo ukingoni mwa mlango, karibu na kitasa, nayo huonekana mlango ukiwa wazi. Skrubu ile ilikuwa imeshika kutu. Kijana akatia bisibisi, akazungusha, bisibisi ikateleza na kukwangua kichwa cha skrubu. Fundi akamzuia asijaribu mara ya pili. Kichwa cha skrubu kikiisha kulika, hakuna tena pa kushika, na kazi ya dakika tano hugeuka kazi ya kutoboa kwa keekee. Akaisafisha ile alama ya msalaba iliyo kichwani kwa sindano, mpaka takataka zote zikatoka, akatafuta bisibisi iliyoijaza kabisa, akadondosha matone mawili ya mafuta mepesi yapenyayo kutu. Kisha akaenda kufanya kazi nyingine.

Jambo hili la kungoja ni gumu kwa vijana. Mafuta hayapenyi kwa kuamriwa. Yalitiwa adhuhuri, alasiri Fundi akairudia skrubu, akaikandamiza bisibisi kwa uzito wa mwili wake, akaizungusha kwanza kidogo upande wa kukaza, ndipo akageuza upande wa kulegeza. Ikatoka.

Upande wa mbele wa kishikio una jino lililoshika ndani ya tundu la mlango. Kijana akavuta upande wa nyuma kwanza, akalitoa lile jino polepole asikwangue rangi, na kishikio kikawa mkononi mwake. Chini yake mlikuwa na mpira mwembamba, ambao kazi yake ni kuzuia maji na vumbi. Ulikuwa umekauka na kupasuka kama udongo wa kiangazi. Huo ndio mlango walioingilia adui: miaka mingi vumbi lilipita hapo, likachanganyika na grisi ya zamani, likawa gundi nyeusi, na chumvi ya bahari ikamalizia kwa kutoa unga mweupe kandokando ya kitufe.

Fundi akatia mafuta ya taa katika bakuli, uani, mbali na meko, akakitumbukiza kishikio humo. Wako watu watumiao petroli kwa kazi hii kwa sababu husafisha upesi. Mvuke wa petroli hutambaa chini na kuufuata moto ulio mbali, na yule mwenye bakuli ndiye wa kwanza kuungua. Mafuta ya taa nayo huwaka, lakini hayana haraka ile. Kijana akasugua kwa mswaki wa kale, akaukwangua unga mweupe kwa kijiti cha mti, si kwa chuma, ili asichimbe madini yaliyo laini. Akabonyeza kitufe ndani ya mafuta mara nyingi. Mara ya kwanza kilirudi nusu. Mara ya kumi kikarudi chote, na maji meusi yakatoka nyuma yake. Springi ilikuwa nzima; haikuwa na nguvu ya kushindana na uchafu, basi.

Akakifuta, akakianika juani hata kikakauka, na hapo likaja swali la mafuta. Kijana alitaka kumimina mengi. Kosa hilo ni la karibu kila mtu, na wengine hutia hata mafuta ya kupikia, ambayo baada ya miezi michache hugeuka gundi mbaya kuliko ile iliyoondolewa. Mafuta mengi mahali penye vumbi ni mwito wa vumbi. Fundi alipaka grisi nyepesi kwa ncha ya kijiti, kiasi cha punje ya mchele, pale tu kitufe kinapoteleza na pale kisukumio kinapogusa wenzo. Mlango wa kulia, ambao kitufe chake kina tundu la ufunguo, hakuutia grisi kamwe. Tundu la ufunguo hupenda kitu kikavu. Alikwangua penseli juu ya karatasi, akaupuliza ndani ule unga mweusi, ambao ni grafiti, akaingiza ufunguo na kuutoa mara kadhaa.

Mpira mpya haukupatikana siku ile. Fundi akachukua mpira wa ndani wa gurudumu uliokwisha kutupwa, akauweka ule wa zamani juu yake, akaufuata kwa kisu chenye makali. Haukuwa mzuri sana kwa macho, lakini ulikaa.

Kabla ya kukirudisha kishikio, alipiga magoti akatazama chini ya mlango. Hapo pana matundu madogo, na watu wengi hawajui ni ya nini. Mvua ikinyesha, maji huteremka juu ya kioo na kuingia ndani ya mlango; hayazuiliki, na hao walioubuni mlango walijua hivyo, ndiyo maana wakayaachia njia ya kutokea. Matundu yakizibwa na tope, mlango hugeuka mtungi, na kutu hula bati kutoka ndani hata siku moja huonekana nje, na hapo hakuna dawa ila kukata. Fundi akayachokoa kwa waya. Likatoka tope jekundu, kisha maji kiasi cha kikombe, ingawa mvua ilikuwa haijanyesha kwa siku tisa.

Kijana akalitia jino la mbele kwanza, akakisukuma kishikio mahali pake, akakaza skrubu. Akabonyeza kitufe. Kikaingia, kikarudi, laini kama kipya. Akafurahi, akaushika mlango ili aufunge kwa kishindo.

“Simama!” akasema Fundi.

Hapa ndipo mafundi wengi wazuri wameaibika. Mlango ukifungwa kabla ya kujaribiwa, na kisukumio kisiufikie wenzo, hautafunguka kwa nje. Na kama ufito wa ndani nao umeguswa ukaachana na kitasa, hautafunguka kwa ndani wala kwa nje, na fundi atapita dirishani kama mwizi. Mlango hujaribiwa ukiwa wazi. Fundi akachukua bisibisi, akausukuma ulimi wa kitasa mpaka ukafunga, kana kwamba umelishika bamba la nguzoni. Akamwambia kijana abonyeze. Ulimi haukuachia.

Wote wawili wakatazamana. Kitufe kilikuwa chepesi, springi nzima, kitasa kizima, na bado njia haikufika kisimani. Fundi akaufyatua ulimi kwa kishikio cha ndani, akakitoa tena kishikio cha nje, akakitazama. Ule mpira mpya ulikuwa mnene kuliko wa zamani. Ulikuwa umekiinua kishikio kutoka kwenye bati, unene wa sarafu tu, na kisukumio kikawa kifupi kwa kiasi hicho hicho. Kijana akaukata mpira mwingine, kutoka kipande chembamba zaidi. Wakarudisha, wakajaribu kwa bisibisi: ulimi ukaachia. Fundi akatazama pia kama uko uchezi mdogo kati ya kisukumio na wenzo kabla kitufe hakijabonyezwa, maana kisukumio kinachougandamiza wenzo wakati wote huuacha ulimi nusu wazi, na mlango wa namna hiyo hufunguka wenyewe katika kona, jambo lililo baya kuliko kukwama. Uchezi ulikuwapo. Wakarudia mara tatu, wakaufyatua ulimi, ndipo wakaufunga mlango, na kijana akaufungua kwa nje.

Jua lilikuwa limeanza kushuka Mwalimu aliporudi pamoja na mjukuu wake mdogo. Alimlipa Fundi, akauliza ubovu ulikuwa nini, akaonyeshwa bakuli la mafuta meusi. Akaingia upande wake, akaketi, na kwa mazoea ya miaka miwili akajinyoosha ili aufungue mlango wa kushoto kwa ndani. Mkono wake ulikuwa bado njiani, mlango ulipofunguka, na mtoto akaingia akaketi.